Mpira wa Mwashi na Injini ya Pikipiki: Jinsi ya Kulinganisha Hewa ya Silinda Mbili

Mwashi anayetaka kujua kama pembe mbili za msingi wa nyumba ziko katika usawa mmoja hana haja ya kujua kila pembe iko meta ngapi juu ya bahari. Huchukua mpira mrefu unaopenya mwanga, akautia maji, ncha moja akaishika yeye na ya pili akaishika msaidizi wake kwenye pembe nyingine. Maji yakishatulia hutia alama mbili, na kazi imekwisha. Mpira huo haukumwambia lolote juu ya kimo cha nyumba yake. Umemwambia jambo moja tu, nalo ni tofauti iliyopo kati ya pembe moja na nyingine. Lakini jambo hilo moja ndilo alilolihitaji, na mpira umelisema kwa usahihi mkubwa kuliko vyombo vingi vya bei kubwa.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mpira wa namna hiyo unavyotumika nyumbani kurekebisha pikipiki yenye silinda mbili na yenye kupuliziwa petroli kwa nozeli. Kazi yenyewe ni ya fundi, lakini msingi wake umo katika somo la kanieneo linalofundishwa katika shule za sekondari. Tutaona pia kwamba mpira huo hugundua kosa ambalo kompyuta ya pikipiki haiwezi kuligundua.

Pikipiki tunayoizungumzia

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki zina silinda moja. Kazi tutakayoieleza haizihusu, kwa sababu silinda moja haina nyingine ya kulinganishwa nayo. Tutachukua mfano wa pikipiki kubwa aina ya BMW R 1150 GS, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, ambayo wasafiri wengi wameitumia kuvuka bara la Afrika. Injini yake ina silinda mbili zilizolala, moja upande wa kushoto na moja upande wa kulia, mithili ya mabawa. Kila silinda ina kipenyo cha mm 101, na pistoni husafiri mm 70.5. Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba kila silinda ina ujazo wa sentimeta za ujazo 565, na zote mbili 1,130.

Kila silinda ina njia yake ya kuingizia hewa, ambayo mafundi huiita throtobodi. Sisi tutaiita koo la hewa. Ndani ya koo hilo mna kibati cha mviringo kinachozunguka juu ya mhimili mwembamba, nacho huitwa kipepeo. Dereva anapozungusha mkono wa mafuta, waya mmoja huvutwa hadi kwenye kijisanduku, na humo hugawanyika kuwa waya mbili, kila mmoja ukielekea kwenye kipepeo chake. Jina la mkono wa mafuta linapotosha kidogo, kwa maana kinachofunguliwa na mkono huo ni hewa. Petroli hufuata baadaye kwa amri ya kompyuta.

Injini inapozunguka polepole bila kuvuta mzigo, hali ambayo mafundi wetu huiita sailensi, vipepeo hukaribia kufunga kabisa. Hapo sehemu ya hewa hupita katika kijia chembamba kando ya kipepeo, na kijia hicho hupanuliwa au kupunguzwa kwa skrubu kubwa ya shaba. Kwa hiyo tuna marekebisho ya namna mbili: skrubu za shaba kwa ajili ya sailensi, na skrubu za waya kwa ajili ya mwendo.

Wastani unavyoficha tofauti

Huenda msomaji akauliza: ikiwa pikipiki ina kompyuta, kwa nini kompyuta hiyo isisawazishe mambo yenyewe? Jibu la swali hili ndilo kiini cha somo letu.

Kompyuta ya pikipiki hii haipimi hewa inayoingia katika kila silinda. Husoma pembe ya kipepeo cha upande wa kushoto pamoja na mwendo wa injini, kisha hukadiria petroli inayohitajika, na kuipa kila silinda kiasi kile kile. Baada ya hapo hutumia kihisi cha oksijeni kilichomo katika bomba la moshi ili kujua kama petroli ilizidi au ilipungua. Lakini kihisi ni kimoja, nacho kimewekwa mahali ambapo moshi wa silinda zote mbili umekwisha kuchanganyika.

Hebu tuchukue hesabu. Petroli huungua vizuri inapochanganywa na hewa kwa uzito wa 1 kwa 14.7. Tuseme kila silinda inapewa vipimo 6.8 vya petroli, lakini waya wa upande mmoja umelegea kidogo, hata silinda ya kushoto ikapata vipimo 105 vya hewa na ya kulia 95. Upande wa kushoto uwiano utakuwa 105 ÷ 6.8, yaani 15.4, petroli ni haba. Upande wa kulia utakuwa 95 ÷ 6.8, yaani 14.0, petroli imezidi. Hakuna silinda hata moja iliyo sawa. Lakini kihisi kitaona nini? Kitaona vipimo 200 vya hewa kwa vipimo 13.6 vya petroli, yaani 14.7 kamili! Kompyuta itaridhika, na wala taa yoyote ya hatari haitawaka.

Dereva, kwa upande wake, hataridhika. Silinda moja itasukuma kwa nguvu kuliko nyingine, na injini itatikisika zaidi ya kawaida yake. Katika mwendo wa taratibu pikipiki itasukasuka, na baada ya safari ya saa kadhaa mikono ya dereva itakufa ganzi. Mikono yenye ganzi haishiki breki vizuri, na jambo hilo laweza kuleta ajali.

Hali hii si ya injini peke yake. Mwalimu anayeambiwa kwamba wastani wa darasa lake ni alama 50 hajui bado kama wanafunzi wote walipata 50, au kama nusu yao walipata 90 na nusu 10. Wastani ni kipimo chenye manufaa, lakini huficha tofauti. Anayetafuta tofauti hana budi kuipima tofauti yenyewe.

Kanieneo nyuma ya kipepeo

Pistoni inaposhuka katika pigo la kufyonza, nafasi iliyo juu yake huongezeka, na hewa ya nje husukumwa kwenda kuijaza. Kipepeo kikiwa kimekaribia kufunga, hewa hupita kwa shida. Kwa hiyo kanieneo nyuma ya kipepeo hushuka chini ya ile ya angahewa. Kadiri kipepeo kinavyofunga, ndivyo kanieneo inavyoshuka zaidi. Basi tukilinganisha kanieneo nyuma ya vipepeo viwili katika mwendo ule ule wa injini, tutajua ni kipi kinachopitisha hewa zaidi. Watengenezaji wa injini wameweka kitundu chenye kichuchu chini ya kila koo la hewa, nacho huzibwa kwa kifuniko cha mpira. Hapo ndipo tutakapounganisha chombo chetu.

Chombo hicho ni manometa, yaani mpira uliopindwa mfano wa herufi U na kutiwa kiowevu. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alibuni manometa ya namna hii katika mwaka 1661. Kanuni yake inajulikana kwa kila mwanafunzi wa fizikia:

tofauti ya kanieneo = densiti × graviti × tofauti ya kimo

Tukitumia oili ya injini, ambayo densiti yake ni karibu kg 880 kwa kila meta ya ujazo, sentimeta moja ya kimo ni sawa na 880 × 9.8 × 0.01, yaani karibu paskali 86.

Kwa nini tusipime kila silinda peke yake?

Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba kanieneo nyuma ya kipepeo ni paskali 25,000 chini ya ile ya angahewa. Tukiunganisha upande mmoja wa manometa kwenye injini na kuuacha wa pili wazi, oili italazimika kupanda hadi tofauti ya kimo ifike 25,000 ÷ 8,624, yaani karibu meta 2.9. Kwa manometa ya kawaida oili yote itafyonzwa na kuingia katika injini.

Sasa tuunganishe ncha zote mbili, kila moja kwenye silinda yake. Paskali 25,000 za upande wa kushoto zinapingana na paskali 25,000 za upande wa kulia, na oili haitikisiki. Lakini iwapo upande mmoja utatofautiana na wa pili kwa asilimia 2 tu, yaani paskali 500, tofauti ya kimo itakuwa 500 ÷ 86, yaani karibu sm 6. Tofauti hiyo huonekana hata na mtu aliyesimama mbali. Saa ya kupimia kanieneo yenye mshale ingeonyesha mabadiliko hayo kwa upana wa unywele tu.

Njia hii ya kuweka vitu viwili vishindane hadi tofauti yao iwe sifuri ni ya kale na ya heshima katika sayansi. Ndiyo njia ya mizani ya mikono miwili. Ndiyo pia njia ya daraja la Wheatstone la kulinganishia ukinzani wa umeme, lililobuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833 na kuenezwa na Charles Wheatstone mwaka 1843. Faida yake nyingine ni kwamba haitegemei mahali. Dar es Salaam, kando ya bahari, kanieneo ya angahewa ni karibu paskali 101,000. Mbeya, karibu meta 1,700 juu ya bahari, ni karibu 83,000. Vipimo vya silinda moja moja vitabadilika kutoka mji mmoja hadi mwingine, lakini silinda zilizo sawa zitaonekana sawa popote.

Kutengeneza manometa

Vitu vinavyohitajika ni hivi: ubao wa urefu wa meta moja na robo, mpira mwangavu wenye kipenyo cha ndani cha mm 6, wa urefu wa meta saba hivi, chupa mbili nene za kioo zenye vifuniko vya kubana, kama zile za jemu, gundi ngumu, na oili kidogo.

Kata kipande cha mpira cha meta mbili na nusu, ukipinde mfano wa U, na ukifunge kwenye ubao. Chora mistari ya sentimeta nyuma yake. Mimina oili hadi ifike nusu ya kila mkono, kisha subiri mapovu yote yapande na kutoka. Toboa matundu mawili katika kifuniko cha kila chupa. Mpira unaotoka kwenye ubao uingie katika tundu moja na kuzama hadi karibu na kitako cha chupa. Mpira unaokwenda kwenye injini uingie katika tundu la pili na kuishia karibu na kifuniko. Ziba kwa gundi ili hewa isipenye. Mipira miwili ya kwenda kwenye injini iwe na urefu ulio sawa.

Chupa hizo zina kazi mbili. Kwanza, mpira mmoja ukichomoka wakati injini inazunguka, oili itaangukia katika chupa badala ya kuingia katika injini. Meta moja ya oili katika mpira wetu ni sentimeta za ujazo 28 tu, kwa hiyo chupa ya nusu lita inatosha kabisa. Mwandishi wa makala haya, alipotengeneza manometa yake ya kwanza, alidhani chupa ni pambo. Mpira mmoja ulichomoka, na kabla hajanyoosha mkono kuuzima moto, oili yote ilikuwa imekwisha kunywewa na silinda ya kulia na ua mzima umejaa moshi wa buluu. Hakuna kilichovunjika, kwa kuwa oili ilikuwa kidogo. Lakini viowevu havishindiliki, na kiowevu kingi kikiingia katika silinda chaweza kupinda hata mkono wa pistoni.

Pili, chupa hutuliza mtikisiko. Katika mwendo wa sailensi injini hii huzunguka karibu mara 1,100 kwa dakika. Kila silinda hufyonza mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 550 kwa dakika, au karibu mara 9 kwa sekunde. Oili isipotulizwa itarukaruka bila kusomeka. Ili kuituliza zaidi, chomeka katika kila mpira wa injini kipande cha sm 3 cha mrija mtupu wa wino wa kalamu. Vipande hivyo viwe sawa pande zote mbili.

Kwa nini oili na si zebaki? Vyombo vya zamani vya karakana vilitumia zebaki, kwa sababu densiti yake ni kubwa na safu fupi inatosha. Lakini mvuke wa zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na katika enzi za vyombo hivyo Mkataba wa Minamata ulikuwa haujakubaliwa na mataifa. Ulikuja mwaka 2013, ukachukua jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliangamia kwa sumu hiyo. Kwa kazi yetu zebaki haina hata faida. Ni nzito kuliko oili zaidi ya mara 15, kwa hiyo tofauti ya sm 6 za oili ingeonekana kama mm 4 tu za zebaki. Chombo salama ndicho pia chombo sikivu.

Mambo ya kutimiza kwanza

Hewa ya silinda haitegemei kipepeo peke yake. Vali zisipofunguka sawasawa, au mpira unaounganisha koo la hewa na silinda ukiwa umepasuka, manometa itaonyesha tofauti. Fundi mwenye haraka ataificha tofauti hiyo kwa skrubu badala ya kuondoa kiini chake. Kwa hiyo, kabla ya yote, injini ikiwa baridi, rekebisha mianya ya vali, kazi ambayo mafundi huiita kuseti tapeti. Katika injini hii mwanya ni mm 0.15 kwa vali za kuingizia na mm 0.30 kwa vali za kutolea. Hakikisha pia kwamba kichujio cha hewa ni safi, plagi ni nzima, na waya hazikukatika nyuzi.

Katika kila koo la hewa mna skrubu ndogo inayokizuia kipepeo kisifunge kabisa, nayo imepakwa rangi kiwandani. Skrubu hiyo isiguswe kamwe. Kompyuta hutegemea mahali pake ili kujua pembe ya kipepeo, na ikishasogezwa kosa lake haliondoki kwa kurekebisha waya.

Kazi ifanyike uwanjani, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inayoua. Tena, injini hii hupozwa kwa oili na kwa upepo wa safari. Ikisimama hupata moto upesi. Weka feni mbele yake, na baada ya dakika chache izime ipumzike.

Hatua za kulinganisha

1. Endesha pikipiki kwa dakika kumi na tano ili injini ipate moto wa kawaida. Kisha hakikisha kwamba kiwiko cha kuongezea mwendo wakati wa baridi kimerudishwa kabisa.

2. Injini ikiwa imezimwa, ondoa vifuniko vya vichuchu na uunganishe mipira miwili. Isiguse mabomba ya moshi.

3. Washa injini na uiache katika sailensi. Tazama ubao. Oili itapanda upande ambao kanieneo ni ndogo zaidi, yaani upande wa silinda inayopata hewa haba.

4. Fungua kidogo skrubu ya shaba ya upande huo, au funga kidogo ile ya upande wa pili, hadi oili iwe sawa. Zungusha robo kwa robo, na usubiri oili itulie kila mara. Mwendo ubaki karibu mizunguko 1,100 kwa dakika. Tofauti isiyozidi sm 2 ni chini ya asilimia moja katika mfano wetu, nayo inatosha.

5. Sasa zungusha mkono wa mafuta taratibu hadi mizunguko 2,000 hivi, na uushike hapo. Hapa skrubu za shaba hazina nguvu tena. Vipepeo ndivyo vinavyotawala. Oili ikipanda upande mmoja, kipepeo cha upande huo kinachelewa. Legeza nati ya kufungia, punguza ulegevu wa waya wa upande huo kidogo sana, kisha kaza nati na upime tena.

6. Rudi kwenye sailensi na uthibitishe kwamba hapajaharibika kitu, kwa maana marekebisho haya mawili huingiliana.

7. Pinda usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Mwendo wa injini usibadilike. Ukiongezeka, waya zimekazwa kupita kiasi, na hiyo ni hatari, kwani mkono wa mafuta waweza usirudi. Kila waya sharti ubaki na ulegevu mdogo.

8. Zima injini, ondoa mipira, na urudishe vifuniko. Kichuchu kilichosahauliwa wazi huingiza hewa isiyopitia kwenye kipepeo, na kazi yote itakuwa bure.

Je, chombo chetu ni mwaminifu?

Mwanasayansi hakiamini chombo kwa kuwa amekitengeneza mwenyewe. Pengine mpira mmoja unavuja, au kipande cha mrija wa wino cha upande mmoja ni chembamba kuliko cha pili. Kuna njia rahisi ya kujua: badilisha mipira, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, kisha utazame tena. Ikiwa tofauti imehamia upande wa pili wa ubao, basi imo katika injini. Ikiwa imebaki upande ule ule wa ubao, basi imo katika chombo, na usiguse skrubu yoyote mpaka umekirekebisha chombo. Kubadilishana huku ni kwa lazima, si kwa hiari. Fundi aliyekosa kukufanya atairekebisha injini nzima ilingane na manometa mbovu.

Jaribio kwa ajili ya darasa

Shule isiyo na pikipiki ya namna hii yaweza kufanya jaribio hili kwa vifaa vile vile. Badala ya injini, unganisha kila chupa na bomba la sindano, na badala ya oili tumia maji yenye rangi. Wanafunzi wawili wavute mabomba yao kwa pamoja, kila mmoja sentimeta za ujazo 5. Maji hayatasogea, ingawa kanieneo imepungua katika chupa zote mbili. Kisha warudishe, na mmoja peke yake avute. Maji yatapanda upande wake. Wasizishike chupa kwa viganja, kwa sababu joto la mikono hubadili kanieneo ya hewa iliyofungiwa, na mabadiliko ya nyuzi moja tu ya Selsiasi yaweza kusogeza maji kwa sentimeta kadhaa. Jambo hilo lenyewe ni somo zuri juu ya usikivu wa manometa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kompyuta yenye kihisi kimoja hujua wastani wa silinda mbili lakini haijui tofauti yao, na kwamba mpira wa meta chache wenye oili hujua tofauti lakini haujui wastani. Hakuna kati yao kilicho bora kwa kila kazi. Chombo hufaa kinapojibu swali lililoulizwa. Mara nyingi tunapokosa vifaa katika maabara zetu husema kwamba hatuwezi kupima. Yafaa kwanza tujiulize kama kweli tunataka kupima, au tunataka kulinganisha tu. Ikiwa ni kulinganisha, huenda kifaa kimekwisha kuwapo mikononi mwa mwashi anayejenga jirani na shule.

Maswali

1. Kokotoa tofauti ya kimo itakayoonekana katika manometa ya maji iwapo silinda mbili zinatofautiana kwa paskali 500. Kwa nini jibu ni dogo kuliko lile la oili?

2. Katika jaribio la darasa, chupa ina hewa ya sentimeta za ujazo 500. Kwa kutumia kanuni ya Boyle, onyesha kwamba kuvuta sentimeta za ujazo 5 hupunguza kanieneo kwa karibu asilimia moja, ambayo ni sawa na karibu sm 10 za maji. Katika jaribio lenyewe tofauti huwa pungufu ya hiyo. Eleza sababu, ukikumbuka kwamba maji yanayopanda huchukua nafasi ya hewa.

3. Injini ya silinda nne ina koo la hewa kwa kila silinda. Eleza jinsi utakavyozilinganisha zote kwa manometa moja yenye ncha mbili.

4. Toa mfano mmoja kutoka katika kilimo, biashara au afya ambapo wastani umeficha tofauti iliyokuwa muhimu.